Mwigizaji Aliyeombwa Amrudishe Mkewe

Sagana, Jumamosi usiku

Na mkono wake ni laini, sikutarajia. Yule mwigizaji tunayemtazama kila Jumatano kwa televisheni ya jirani, ile ya betri ya gari, leo aliingia hotelini kwetu akaagiza chai na mandazi. Nilisahau hata kumpa sukari.

Ndipo Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kwake huyu si mwigizaji, ni yule mume wa kwenye mchezo aliyemfukuza mkewe na mtoto mchanga kwenye mvua.

"Chai yangu hupati," akamwambia. "Ati umekaa hapa unakula, na yule msichana analala wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wateja wote walikuwa wamegeuka.

Yeye hakucheka. Alisimama, akavua kofia. "Mama, nilikosa. Nitaenda kwao na wazee, na mbuzi, nimrudishe."

Mama alimtazama sana. Kisha akamletea chai ya maziwa matupu, tena na kipande cha nyama ambacho hakuagiza.

Nilikuwa nampenda kwa sababu ya sura, na ile sauti. Sasa naona hayo yalikuwa madogo. Angeweza kumfanya Mama kichekesho kwa neno moja tu, na...

Nilimsindikiza hadi mlangoni, akanipa mkono. Akaniambia polepole, "Jumatano usimpeleke kutazama. Naoa mwingine."

Mama amelala na furaha. Kesho baada ya kanisa nitamwomba jirani aseme betri imeisha moto.