Glavu za Mama Wanja

Jumatatu, 3 Machi
Chupa za dripu magunia mawili, safi. Mnunuzi wa plastiki atayachukua Alhamisi. Tangu tuanze kutenganisha taka tunachoma kidogo, na moshi hauingii tena wodini. Najisifu. Mimi ndiye nesi niliyekabidhiwa kazi hii. Mama Wanja, anayetufanyia usafi, amechambua kwa glavu nyembamba za wodini. Zile nzito, jozi moja tuliyo nayo, ziko nyumbani kwangu, Kanja. Nilizibeba Jumamosi nikate ua wa miiba. Nimezisahau tena. Kesho.

Jumatano, 5 Machi
Jana pia sikuzileta. Leo Mama Wanja amedungwa. Sindano ndani ya gunia la chupa; aliyeitupa humo hajulikani. Nimemwosha mkono kwa maji na sabuni, nikampima, nikamwanzishia dawa za kuzuia Ukimwi. Siku ishirini na nane. Na bado yeye ndiye akaniomba msamaha: "Pole daktari, ni mimi sikuchunga."
Kwenye kitabu cha ajali nimeandika: hakuvaa glavu nzito. Ni kweli. Na ni uongo mtupu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimezirudisha stoo kabla ya saa mbili asubuhi. Nimezitundika mahali pake. Hakuna aliyeniona. Mwoga mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi wa zahanati amesoma kitabu, akaenda stoo, akazikuta glavu. Mama Wanja aliapa kwamba siku ile hazikuwepo. Hakuna aliyemwamini. Ati ni mkaidi. Yeye ni kibarua tu, na mwisho wa mwezi mkataba wake hautaongezwa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Niliangalia viatu vyangu.

Jumapili, 9 Machi
Amekuja kwangu baada ya kanisa, kwa miguu kutoka Karurumo, na nduma za kunishukuru. Ati nilimhudumia vizuri. Dawa zinamtapisha. Nduma sikuzigusa. Alipoondoka nikamwambia mke wangu yote. Hakunipa pole. La kuvunda halina ubani, akasema, nenda ukaseme.

Jumatatu, 10 Machi
Nimesema. Mbele ya msimamizi na Mama Wanja mwenyewe. Kazi yake imebaki. Mimi nitaandikiwa barua, na ni haki yangu. Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Aliniuliza jambo moja tu: "Kwani uliponiosha mkono siku ile, ulikuwa unajua?"
Nikasema ndiyo. Akatoka, akaenda kupiga deki.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua imeanza. Mama Wanja alimaliza dawa jana, leo amekuja kupimwa tena. Zamu ni yangu. Nilikuwa nimeshamwandalia kiti. Amenisalimia vizuri, halafu akakaa kwenye benchi nje, akamngoja Sista Kathure, nesi mwenzangu, amalize chai. Wakaingia, wakafunga mlango. Baadaye nimewasikia wakicheka, kwa hivyo majibu ni mazuri. Hakuna aliyeniambia.