Vidonge vya Baba na Nyama ya Sikukuu

Humåtak, Guam
2 Septemba 1974

Dada Engrasia, shikamoo.

Sisi wazima, natumaini nawe huko San Diego u mzima. Baba ulimwacha amekaa kama gogo kwa bodig, ule ugonjwa wetu wa kukakamaa mwili, mate yanamtoka. Juni daktari wa utafiti alimpa vidonge vya levodopa. Wiki ya tatu Baba akasimama mwenyewe, akamtukana jogoo wa jirani. Watu walilia. Mimi niliangalia tu. Miaka sita ya kumgeuza kitandani imenikausha.

Sasa dawa inamkataa. Anameza, anabaki gogo. Daktari anasema vidonge ni vichache. Atakuja sikukuu ya San Dionisio, na akimkuta hivi atavichukua ampe mgonjwa mwingine.

Mdogo wako,
Ambrosio


San Diego
14 Septemba

Mdogo wangu, marahaba.

Mimi mzima, ila miguu inauma kwa kazi ya wodini. Nijibu: Baba anameza vidonge na nini? Na nyama! Nawajua. Tangu asimame, kila nyumba inamletea mbavu na kulungu.

Ubongo wake umeishiwa dopamini, inayoupa mwili amri ya kwenda na moyo hamu ya kwenda. Dopamini ukiimeza haiingii ubongoni. Levodopa huingia, ikageuka dopamini humo. Lakini nyama ikishasagwa hupitia mlango uleule, na dawa hubaki nje. Huyo daktari wenu anapima damu, anapima mkojo, sahani hajaichungulia! Msomi gani huyo?

Vidonge saa nzima kabla ya kula. Mchana wali na shelisheli. Nyama jioni tu. Shangazi Bita akileta sahani, irudishe. Atanuna, hatakufa.

Dada yako


Humåtak
14 Oktoba

Dada, shikamoo.

Tu wazima. Ulisema kweli. Siku ya nne bila nyama mchana, Baba alitembea hadi kanisani.

Jana ilikuwa sikukuu. Shangazi Bita akaleta sahani ya kwanza, ya mzee, mbele ya wageni wote. Nikasema, "Shangazi, ngoja jioni."

Akacheka. "Mwoneni huyu! Anamnyima baba yake nyama! Engrasia ndiye kakufunza uchoyo huo kwa barua?"

Watu wakacheka. Baba aliniangalia, akingoja niseme neno. Nikasogea kumpisha Shangazi. Akala, maana mzee wetu harudishi sahani ya dada yake.

Saa tisa daktari akafika, akamkuta gogo. Akamsukuma bega, akaandika, akachukua chupa ya vidonge. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno moja tu, nyama, lingetosha. Mdomo ulikuwa mzito, dada, na mimi siumwi.

Mdogo wako


Humåtak
9 Desemba

Dada, shikamoo.

Natumaini u mzima, maana sijui. Hii ni barua yangu ya tatu tangu sikukuu. Kila Jumanne naenda posta, hawana kitu changu.

Baba anapumua, anameza uji. Nilimfuata daktari nikamweleza habari ya nyama. Akasema vidonge vyake anavyo mama mmoja wa kijiji cha Malesso', na ameanza kutembea. Nilirudi nyumbani nikamgeuza Baba upande wa dirisha.

Tangu utotoni hujawahi kuniacha bila karipio. Andika, dada. Nitukane, nione kama itaniuma.

Mdogo wako