Trela la Boti Lisitoke Uani

Baba,

Kome wa jana wako kwenye friji, wapashe moto. Trela la boti lisitoke uani.

Asubuhi nililipiga jeki nilikague kabla ya kulipeleka kwa mkaguzi, maana stika imekwisha tangu Machi. Tairi la kushoto lilicheza kama jino bovu. Ukasimama hapo na kikombe chako ukasema, "Ah, mama, hiyo kawaida. Nilianza kuvuta trela hata hujazaliwa." Kisha ukarudi kulala! Nikalifungua tairi mwenyewe. Ndani ya beringi hamna grisi, ni tope la kutu na chumvi.

Nimekuambia mara ngapi? Kutoka Kaitaia mpaka ufukweni, beringi zinafika zikiwa za moto. Ukilizamisha trela majini papo hapo ili kushusha boti, zinapoa ghafla na kufyonza maji ya bahari. Subiri nusu saa, unywe chai, zipoe. Lakini wewe, eti samaki watahama!

Jumamosi dada Mereana alikuwa nyuma yetu, na mtoto wake garini. Tairi lingechomoka, lingewakuta wao, Baba.

~~Ukilivuta tena hivi hivi, mimi nahama.~~

Sihami. Ila nakujua, utasema utaenda polepole tu.

Nitanunua beringi mpya nikitoka kazini. Tutazifunga pamoja, na safari hii wewe ndiye utakayeshika tochi. Usihangaike kulitafuta tairi, nimeondoka nalo. Na la akiba pia.

Binti yako,
Hinewai