Maji ya Kunde ya Bi Rukia

Bondeni, Mombasa
Jumamosi alasiri

Mama mpendwa,

Kabla sijakujulia hali wacha niseme hili, maana nikianza na salamu nitajificha humo humo: nilimdanganya mjomba. Sijamwambia mtu, hata katika maombi nalizunguka tu. Tafadhali isome barua hii peke yako, usimpe mdogo wangu akusomee kwa sauti.

Sasa shikamoo, mama. Goti lako laendeleaje? Na mvua imefika huko juu, au bado mwaangalia mawingu? Mimi ni mzima ila nimechoka. Mikono imeota malengelenge, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka kama njia ya kwetu. Ningepiga simu pale shuleni kwenu, lakini ya kibandani imeharibika, na hata ingekuwa nzima, maneno haya nisingeyaweza kwa mdomo.

Kazi mpya ya mjomba unaijua. Ameacha kuajiriwa useremala, sasa anafufua roshani na sakafu za mbao za nje katika nyumba za Mji wa Kale. Anatoa ubao uliooza, anapiga msasa, kisha anapaka ile rangi ambayo mbao huinywa. Si rangi ya kubanduka. Ikishaingia imeingia. Mimi namsomea Kiingereza cha kwenye mikebe: ipi ni ya ndani, ipi yastahimili jua na mvua. Jina lake kwa Kiingereza ni stain, na shuleni tulifundishwa kuwa maana yake ni doa. Nilipomwambia alicheka sana: "Basi sisi twauza madoa, Wakesho!" Wiki hii hacheki.

Mteja wake wa kwanza ni Bi Rukia, mjane mwenye roshani ndefu juu ya kichochoro. Majirani zake watatu walisema wangoje waione yake kwanza, ndipo waamue kama watampa mjomba kazi. Bi Rukia alitaka rangi ya maji ya kunde. Basi mjomba akapaka vibao vitatu, kila kimoja na rangi yake, akanituma. "Mwulize maji ya kunde yake ni yapi. Usikisie."

Nikafika. Viatu vya wanawake vimejaa mlangoni, ndani vicheko na harufu ya udi, wanapanga mambo ya harusi. Sikubisha hodi. Unanijua, mama. Nilisimama pale mpaka vibao vikaniuma mkono, kisha nikageuka. Njiani nikajiambia, kwani maji ya kunde ni jambo la kuuliza? Nimeyaona chunguni mwako tangu nikiwa mdogo. Nikampa mjomba kile kibao cheusi-cheusi. "Amesema hiki."

Lakini wewe, mama, huchemsha kunde na magadi, maji yakawa meusi. Hapa hawatii magadi. Maji yao ni ya kahawia nyepesi yenye wekundu kidogo, kama ngozi ya msichana anayesifiwa. Sikujua kuna maji ya kunde ya aina mbili.

Tulipomaliza, Bi Rukia alipanda kutazama, akashika mwimo wa mlango.

"Mwanangu, haya ni maji ya kunde au ni masizi?"

Jirani wa dirisha la ng'ambo akapaza sauti: "Bi Rukia, roshani umeitia piko! Kwani yaolewa?" Piko ndiyo ile rangi nyeusi wanayopambwa nayo bibi harusi. Kichochoro kizima kikacheka.

Mjomba akasema, "Lakini mama, ulichagua mwenyewe. Ulimwonyesha mpwa wangu kibao."

"Kibao gani? Mimi sikuletewa kitu."

"Uzee nao husahaulisha, mama."

"Uzee husahaulisha, haufundishi uwongo."

Kisha akanitazama mimi. Nikainama kuosha brashi ambayo nilikwisha kuiosha.

Mjomba amekubali kuirudia, na leo ni siku ya sita tunakwangua. Ile rangi imezama, kila ubao wataka msasa mara tatu, nne. Vumbi lake nalitema hata nikiwa mezani. Juzi Bi Rukia aliniita chini ninywe maji ya ukwaju. Akanambia polepole, "Mimi nimeshasema langu, mwanangu. Limebaki lako." Afadhali angenichapa.

Huku nyumbani mjomba amwambia kila mgeni kwamba yule bibi ni mwongo. Huko kichochoroni nako watu wasema fundi gani huyu, amtukana mtu mzima. Mmoja wa wale majirani watatu ameshamwita fundi mwingine. Mke wa mjomba ameniuliza kwa nini sili, nikasema ni joto.

Nilikuwa nataka nikuombe wewe umwandikie mjomba. Wewe ni dada yake mkubwa, hawezi kukufokea. Lakini barua wiki kupanda, wiki kushuka, na kila siku ya hizo Bi Rukia aitwa mwongo kwa ajili yangu. Na wale wawili waliobaki hawatangoja.

Nisalimie babu, mwambie dawa yake ya kifua nimeiulizia na ipo. Nisalimie mdogo wangu, shangazi aliyenishonea sketi ya safari, na mama mchungaji. Waambie naendelea vizuri. Hapana, waambie naendelea tu.

Mama, nasikia viatu vya mjomba kwenye ngazi. Alikwenda Makupa kununua msasa mwingine, na anakohoa. Siku zote akija, mimi hulaza daftari juu ya barua zangu. Leo sikulaza kitu. Ukurasa wa kwanza uko mezani upande wake, na Kiswahili anakisoma vizuri kuliko mimi.

Mwanao akupendaye,
Wakesho