Chetezo Kando ya Mtungi wa Gesi

Baba Thuwaiba,

Wali upo jikoni, upashe moto. Madirisha ya gari lako la kulalia nimeyafungua, moshi utoke. Mtungi ufunge mwenyewe, bwana fundi.

Wiki nzima ulituhubiria kuwa kabla ya handaki la kwenda Ufaransa gesi ifungwe na moto uzimwe. Leo asubuhi askari wa getini kakuuliza kama kuna moto ndani, ukamwambia hakuna, na nyuma yako chetezo kinafuka udi! Eti unaondoa kijicho cha majirani. Tukarudishwa mpaka nyumbani Thamesmead.

~~Usinipigie simu.~~ Nipigie jioni, nitakuwa Paris. Naenda kwa treni.

Majirani wamenikuta mlangoni na sanduku. Hakuna aliyenionea kijicho. Wote wamenipa pole.

Mama Thuwaiba