Kahawa ya Jamaa wa Shadi

Mtaa wa Ngomeni,
Karak, Jordani.
8 Oktoba, 2009.

Mpendwa mdogo wangu Najwa,

Salamu tele zikufikie huko Montreal, wewe, shemeji na watoto. Kile kikohozi kimepoa? Usiache kunywa anisi ya moto, madaktari wa huko hawaijui. Sisi wazima, Alhamdulillahi, ila kichwa changu kimevurugika. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ungenicheka.

Duka la Ghaith unalijua kwa sifa. Mwanangu ndiye muuza jamidi nambari moja Karak nzima, na sisemi hivyo kwa kuwa nimemzaa. Hakuna harusi wala msiba wanapopika wali wa mansafi bila kuumwagia mchuzi wa mabonge yetu ya maziwa makavu, na mabonge hayo nayafinyanga mimi, kwa mikono hii hii. Sasa mwanangu kaibiwa. Mwizi ni Shadi, mfanyakazi wake, kijana tuliyemlisha mezani kwetu. Ghaith alimfuma akipakia gunia zima kwenye pikapu ya binamu yake. Hakukana. Alilia tu, akaondoka. Kumbe siku zote hizo magunia yanapungua, sisi tunawasingizia panya!

Tukaenda polisi. Leo mkubwa yuko mkutanoni, kesho mwenye faili hayupo, njooni Jumapili. Mwisho nikaenda mwenyewe. Askari mmoja akaniambia, "Mama Ghaith, hii ni jamidi tu, si dhahabu." Nikamjibu, "Na wewe siku ya harusi yako uliwamwagia wageni dhahabu juu ya wali?" Wenzake walicheka mpaka machozi. Lakini hakuna aliyenyanyuka kitini.

Sasa sikiliza. Ijumaa iliyopita tukapata habari kwamba wazee wanakuja kwetu kwa jambo la heri. Wewe ungefikiri nini? Binti yangu Tala ana shahada na sura kama mwezi, na mama wa yule mhandisi ninayemtamani awe mkwe wangu kila tukikutana sokoni ananichekea! Nikafua mapazia. Nikamvalisha Tala lile gauni la bluu. Wakaja wanaume, ukumbi ukafurika, mbele yao mzee Abu Suhaib na joho lake, ambaye kila mwenye ombi mjini humtanguliza.

Mimi niko nyuma ya mlango. Ghaith akammiminia kahawa, mzee akaiweka chini bila kuionja, kama ilivyo desturi: hanywi mtu mpaka ombi lake likubaliwe. Ghaith akaanza kupanga upya vikombe. Kahawa inapoa, na mimi namwona mhandisi anatuponyoka. Nikashindwa kujizuia. Nikapaza sauti, "Kunyweni kahawa yenu, mlilolijia mmelipata!" Na vigelegele nikavipiga, mtaa mzima ukasikia.

Wakanywa, wote. Kisha Abu Suhaib akapangusa masharubu, akasema, "Mungu akuweke, Mama Ghaith. Wewe umezaa mwanamume. Tumekuja kwa ajili ya mtoto wetu Shadi. Mashitaka yafutwe, naye arudi kazini kwake."

Najwa, vigelegele vile nilimpigia mwizi! Wageni walipotoka, Ghaith akaja mlangoni.

"Mama, ulidhani ni kina nani?"

"Watu wa mhandisi!"

"Mhandisi keshaposa Aqaba, mama. Mji mzima unajua."

Mji mzima, isipokuwa mimi. Na majirani bado wanakuja kunipa hongera, wanauliza bwana harusi ni nani.

Ghaith angeweza kusema mama yake hakujua. Hakutaka nichekwe. Mwana kama huyo nani anaye? Akalibeba neno langu. Na polisi wale wale, ambao hawakuijua njia ya dukani kwetu, kesho yake waliijua ya nyumbani: walikuja wenyewe na karatasi ya kufuta kesi, wakanywa chai, wakasifu biskuti zangu.

Sasa Shadi yuko dukani. Ghaith hasemi naye, ila aliniambia, "Neno ulilitoa wewe mama, basi njoo ulilinde." Kwa hiyo kila asubuhi nakaa pale mlangoni kwenye kiti, na wateja wameongezeka, si siri. Shadi ananiita mama. Ananiletea chai hata sijaomba. Namtazama usoni namtafuta mwizi, simwoni, nikigeuka namwona.

Jana mteja alitaka gunia. Shadi akaja mbele yangu, akanyoosha mkono. "Naomba ufunguo wa stoo, mama. Au twende wote." Duka zima likanitazama. Nikampa. Alikawia, au mimi nilihisi amekawia. Akarudi na gunia na ufunguo, akauweka kwenye kiganja changu kwa mikono miwili.

Sikwenda kuangalia yaliyobaki. Mpaka sasa sijui kama ni kwa kumwamini au kwa kuogopa nitakachokikuta. Wewe uliye mbali, niambie ni lipi.

Nisalimie shemeji Munther, na Rula umbusu macho yote mawili. Tala anakusalimu, amenuna lakini anakusalimu. Mungu awakinge na baridi ya huko, na riziki isiwakaukie.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinicheka,
Mama Ghaith