Mashine Iliyosubiri Bila Kikomo

Mdogo wangu mpenzi,

Naanza na afya yako, maana nikianza na yangu utairukia yako kama kawaida. Goti limekaaje? Bado linagoma kwenye ngazi, au mazoezi ya wifi yamelilainisha? Na wanao, bado wananikumbuka shangazi yao, au nimebaki kuwa sauti ya kwenye simu? Huku mvua zimepungua, na jua la asubuhi limeanza kufika hadi kwenye meza hii ninayoandikia.

Uliuliza mbona nimekuwa kimya. Ni kazi. Walinistaafisha kweli, kisha wakanirudisha, kwa kuwa hakuna mwingine pale karakana anayeweza kusoma programu zile za zamani bila kuumwa kichwa.

Tunatengeneza vinasa-moyo. Ni kisanduku kidogo ambacho mtu hukivaa kifuani kutwa kucha, kikaandika mapigo ya moyo wake kwenye kadi ya kumbukumbu, hii hii ndogo kama ukucha unayotia kwenye simu. Anayezirai ovyo hazirai mbele ya daktari, kwa hiyo shahidi ni kadi peke yake.

Sasa kuna mgonjwa mmoja, mtu mzima mbishi, aliyevaa kinasa mara kadhaa na kila mara kikaganda njiani. Taa inawaka, kadi haiandikwi. Daktari alikuja juu. Alisema bila rekodi nzima hawezi kujua kama moyo unasimama au ni kizunguzungu tu, na kwamba hampasui mtu kwa kubahatisha. Lakini asipotibiwa, siku moja atazirai asiamke. Mkuu wa karakana akasema kadi ni mbovu, zitupwe. Nikamwomba asitupe kitu. Akaniuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mama yake, kama nina hakika. Sikuwa nayo hata chembe.

Ikawa kazi yangu na mpimaji wetu, ambaye tunamwita Bwana Kasoro kwa sababu hajawahi kupitisha kitu mara ya kwanza, hata chai. Kila asubuhi alinipokea mlangoni: “Bibi, mtoto wako kalala tena. Umwimbie au umwamshe?” Nami nilimjibu kwamba watoto hulala penye watu wanaopiga domo.

Ugonjwa wenyewe nitakueleza, nawe uliyesimamia stoo utauelewa upesi. Fikiri umemtuma mchukuzi na mzigo mzito, ukamwambia karani aangalie saa: asiporudi kwa wakati, nijulishe. Kabla hajarudi, unamtuma mwingine akaulize neno dogo tu. Huyu anarudi mara moja. Karani anamwona, anadhani kazi zote zimekwisha, anafunga saa na kwenda zake. Yule mwenye mzigo akianguka mtaroni, hakuna wa kumtafuta. Ndivyo ilivyokuwa draiva yetu, yaani ile programu inayozungumza na kadi. Saa ilikuwa moja kwa kazi mbili, kuandika mapigo na kuuliza hali ya kadi. Jibu la swali dogo lilipofika, saa ya uandishi nayo ilizimwa. Kadi ikikwama hapo, mashine inasubiri mpaka betri iishe.

Nikazitenganisha, kila kazi na saa yake. Nikajipongeza mapema mno. Siku iliyofuata Bwana Kasoro akaja akifuta miwani, akasema zamani mtoto alikuwa analala, sasa anaota ndoto mbaya. Kweli, kadi yenyewe ilipokataa kazi, na kazi hiyo ikaanzishwa upya, nilisahau kuzima saa ya kazi ya kwanza. Ikaja kulia katikati ya kazi mpya, ikaua uandishi mzima uliokuwa ukienda vizuri. Nikapitia kila mlango ambao kazi hutokea ikiisha, nikahakikisha kila anayetoka anazima saa yake mwenyewe na haigusi ya jirani. Tukaitesa mashine kwa kadi kongwe zinazokwama ovyo. Ililalamika, ikaiamsha kadi, ikaendelea kuandika. Bwana Kasoro alitafuta kosa mpaka akachoka, akapitisha.

Mgonjwa akavishwa tena. Rekodi ikatoka nzima. Moyo unasimama kweli. Unanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu unaendelea.

Mdogo wangu, vuta kiti. Mgonjwa mbishi ni mimi. Siku ile nilipokuambia nimeteleza kwenye sakafu yenye maji, sakafu ilikuwa kavu. Pale kazini nilimfunga mdomo daktari, maana sikutaka Bwana Kasoro apitishe kazi yangu kwa kunihurumia. Nilipomwambia hatimaye Bwana Kasoro, aliomba mashine aipime upya tangu mwanzo.

Nitawekewa kifaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, huu mfupa wa chini ya shingo. Kitasubiri pigo, na lisipokuja kwa wakati kitalisukuma. Nilimuuliza daktari nani aliandika programu yake na saa yake huzimwa wapi. Alicheka. Mimi sikucheka.

Akauliza nani atakuwa kando yangu nikizinduka. Nikakutaja wewe, kisha nikaanza kukutetea: yuko mbali, ana goti, ana familia. Akaniuliza kama nimekuuliza.

Miaka yote hii wewe ndiye unayeuliza nitakuja lini, nami nakujibu mwakani. Safari hii nakuomba uje wewe. Nimewaambia sitalala kwenye kitanda chao mpaka nipate jibu lako. Wamekubali kusubiri, ila hadi mwisho wa mwezi tu.

Msalimie sana wifi yangu, na umwambie asiisome barua hii kwa sauti ya msibani. Nimekula, nimeshiba, na nimevaa soksi. Wabusu watoto vichwani, hata waliokupita urefu.

Ni mimi, dada yako wa ziwa moja.